Mtihani wa Kuvuta Karavani Umefutwa, Usukani Bado Uko kwa Baba

Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo katika England, Scotland na Wales anaruhusiwa kufunga karavani nyuma ya gari lake na kuingia barabarani bila kufanya mtihani mwingine, mradi uzito wa juu wa tela hilo usizidi kilo 3,500 na gari lenyewe liwe limeidhinishwa kuvuta mzigo huo. Ireland Kaskazini haikuhusishwa. Tangu wakati huo, mwanamke anapoonekana akivuta nyumba yake ya magurudumu kutoka Leeds hadi Cornwall, watu hutoa moja ya maelezo mawili. La kwanza linasema sheria ndiyo iliyomfungulia mlango: mtihani ulikuwa kizuizi, kizuizi kimeondoka, naye amepita. La pili linamsifu kwa ushujaa, kwamba hatimaye ameishinda hofu na ameanza kujiamini. Yote mawili yana nia njema, na yote mawili yanakosea chanzo. Wanawake wengi walibaki kwenye kiti cha abiria kwa sababu hawakupata saa za kutosha za kushika usukani wa gari lenye tela, na hawakupewa zile hesabu za uzito ambazo wanaume wamekuwa wakirithishana wao kwa wao bila darasa wala cheti. Kujiamini huja baada ya hayo. Kwa hiyo anayetaka kuona wanawake wengi zaidi wakivuta karavani aulize nani anapewa nafasi ya kujifunza, anajifunzia wapi, na nani analipia mafunzo hayo.

Ndani ya sheria yenyewe mna ushahidi ambao wengi wanaupita bila kuuona. Kabla ya badiliko hilo madereva walikuwa makundi mawili. Aliyefaulu mtihani wa gari kabla ya tarehe 1 Januari 1997 alipata, ndani ya leseni ileile, haki ya kuendesha gari na tela ambavyo kwa pamoja havizidi tani 8.25. Hakuombwa kitu kingine. Aliyefaulu kuanzia tarehe hiyo alibanwa: avute tela lisilozidi kilo 750, au zito kuliko hapo iwapo tu jumla ya uzito ulioidhinishwa wa gari na tela haivuki kilo 3,500. Akitaka zaidi alilazimika kufanya mtihani wa daraja B+E, ambao ulimtaka arudi nyuma na tela, alifungue, alifunge tena, kisha aendeshe barabarani pembeni ya mtahini, na mafunzo yake yaligharimu mamia ya pauni. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili walioko Uingereza waliangukia kundi hili la pili. Leseni za Kenya na Tanzania hazibadilishwi pale kwa kujaza fomu. Mgeni huziendeshea kwa miezi 12 tangu awe mkaazi, kisha hufanya mtihani wa Uingereza kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mama aliyehamia kutoka Mombasa mwaka 2003, hata kama alikuwa ameendesha gari tangu ujana wake, alihesabiwa dereva mpya na akapewa mipaka ya dereva mpya.

Sasa tazama umri wa watu wanaokwenda na karavani. Familia zenye watoto wapo, lakini nje ya likizo za shule viwanja vya kambi hujaa wastaafu. Mwanamke wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 65 hivi, aliyepata leseni miaka ya themanini, yuko katika kundi la kwanza. Haki ya kuvuta karavani ameibeba katika mkoba wake kwa zaidi ya miaka 30, bila mtihani na bila ada. Kama mtihani ndio uliokuwa ukuta, hawa ndio ambao wangepaswa kuwa madereva, na mabinti zao waliopata leseni baada ya 1997 ndio wangebaki abiria. Ukikaa kwenye lango la kambi jioni ya Ijumaa, iwe Lake District au Pembrokeshire, huoni hivyo. Anayeingia akiwa ameshika usukani kwa kawaida ni mume, na mke anashuka, anakwenda nyuma, anapunga mikono kumwelekeza. Ni mpangilio wa kawaida kiasi kwamba hauonekani tena kama mpangilio. Haki ilikuwapo, na haikutumika. Hapo maelezo ya kwanza, yale ya mlango uliofunguliwa na sheria, yanaishiwa nguvu.

Yanaishiwa nguvu zaidi tukikumbuka kwa nini mtihani ule ulifutwa. Hakuna aliyekaa London akawaza habari za wanawake na karavani. Mwaka 2021 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa madereva wa malori. Janga la Korona lilikuwa limesimamisha mitihani, na kujitoa katika Umoja wa Ulaya kulikuwa kumewaondoa madereva wengi wa kigeni. Mwezi Septemba mwaka huo waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Grant Shapps, alitangaza kwamba mtihani wa tela utaondolewa ili watahini wake wahamie kwenye mitihani ya malori. Ilikuwa hatua ya dharura ya kuokoa mnyororo wa ugavi, na kwa kusudi hilo inaweza kutetewa. Lakini ilibeba athari ambayo haikujadiliwa vya kutosha. Mtihani, pamoja na usumbufu wake, ulikuwa sababu rasmi ya mtu kwenda kufundishwa na mgeni. Binti wa miaka 30 aliyetaka kuvuta karavani mwaka 2015 kwa kawaida hakumtegemea baba yake wala mchumba wake peke yake; alimtafuta mkufunzi, na mkufunzi alimfundisha mambo yote, kwa utaratibu, mpaka akaiva. Leo hatakiwi tena kumtafuta mtu. Serikali iliwahimiza madereva wajifunze kwa hiari, na kujifunza kwa hiari humfaa yule ambaye tayari anajiona dereva wa tela. Anayejiona abiria hajiandikishi.

Historia nayo inakataa ile dhana ya woga wa asili. Karavani ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa matembezi ya starehe huko Uingereza ilikuwa ya Dk. William Gordon Stables, aliyeagiza gari lake la farasi liitwalo The Wanderer kutoka kampuni ya Bristol Wagon Works mwaka 1885. Huyo anayekumbukwa kama baba wa starehe hiyo alisafiri akiwa na mwendesha farasi wa kuajiriwa. Hata kwake, kumiliki na kuendesha vilikuwa mambo mawili tofauti. Miaka 23 baadaye, mwaka 1908, karavani iliingia barabarani ikiwa mikononi mwa wanawake na kwa kazi nzito kuliko starehe. Muriel Matters, mzaliwa wa Australia na mwanaharakati wa Women's Freedom League, alianza mwezi Mei kuzunguka Surrey, Sussex na Kent kwa karavani ya farasi, akisimama kijiji baada ya kijiji kudai kura kwa wanawake. Farasi wao waliyemtumia walimwita Asquith, jina la waziri mkuu aliyekuwa akiwanyima kura hiyo. Walirushiwa vitu, walizomewa, wakaendelea na ziara. Ninaitaja safari ile kwa sababu mara nyingi habari ya wanawake na karavani husimuliwa kana kwamba ilianza juzi.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Wanawake wa jeshi la akiba, ATS, waliendesha malori na magari ya wagonjwa na kuyatengeneza; binti mfalme Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa malkia, alijifunza udereva na ufundi wa magari humo mwaka 1945. Wanawake wa Women's Land Army, kikosi kilichodumu hadi 1950, walilima kwa trekta na kukokota matela ya nyasi na viazi kwenye njia nyembamba za mashambani, ambako usiporudi nyuma vizuri hutoki. Hakuna aliyewauliza kama wanajiamini. Palikuwa na kazi, palikuwa na mkufunzi, palikuwa na trekta, wakajifunza. Kisha vita vikaisha, wanaume wakarudi, na usukani ukarudi nao. Kufikia 1975/76, takwimu za serikali za usafiri zinaonyesha kwamba wanaume wazima wenye leseni katika Britania walikuwa asilimia 69, na wanawake asilimia 29. Katika nyumba yenye gari moja, na nyumba nyingi zilikuwa na gari moja, leseni moja na safari moja ya kiangazi, dereva alijulikana kabla ya mizigo kufungwa. Karavani ya familia iliingia katika maisha ya tabaka la kawaida katika miaka hiyohiyo, na ikaikuta desturi hiyo imekwisha kukaa.

Ujuzi wa tela husambaa kwa namna ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa haraka kuliko Mwingereza. Katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, au ya Mombasa hadi Malaba, madereva wengi wa semitrela hawakuanzia darasani. Walianza kama utingo, au tanboi kama wasemavyo Kenya: kukaa pembeni ya dereva, kushuka kufunga turubai, kuangalia matairi, kusimama nyuma kumwongoza akirudi, kisha siku moja kuachiwa usukani ndani ya yadi, na baadaye kwenye kipande cha barabara kilicho tupu. Ni chuo kamili, ila hakina mlango kwa msichana, kwa sababu utingo analala ndani ya lori na dereva, na hakuna mzazi atakayekubali. Matokeo yake ni kwamba hata pale sheria ya leseni haibagui, na hata pale vyuo vya Tanzania kama VETA na NIT vinapofundisha udereva, dereva wa kike wa tela anabaki wa kutafutwa. Kwenye karavani mkondo ni uleule, ingawa hatari ni ndogo na mzigo ni vitanda na masufuria. Baba anamwachia mwana usukani shambani, jirani anamweleza jirani kuhusu uzito wa pua ya karavani wakiwa na vikombe vya chai mikononi, na mazungumzo hayo humpita mwanamke aliyesimama hatua tatu kutoka pale. Tofauti ni kwamba mke wa mwenye karavani hufanya kazi zote za utingo, miaka nenda miaka rudi, na mwisho wake haachiwi usukani.

Ujuzi wenyewe ni nini? Swali hili lina uzito, kwa sababu kitu kisichotajwa kwa jina hubaki kitisho. Sehemu kubwa ni hesabu ya kawaida. Vyama vya karavani Uingereza humshauri anayeanza kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu lililo tayari kwa safari. Gari la kilo 1,650 basi linafaa karavani ya kilo 1,400 hivi. Uzito unaokandamiza kiungio cha gari, ambao wenyewe huuita uzito wa pua, unashauriwa uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya karavani iliyopakiwa. Kwa karavani hiyo ni kilo 70 hadi 98, mradi usivuke kikomo cha gari wala cha kiungio. Vitu vizito hukaa chini, karibu na ekseli. Ukiweka hema la turubai na makopo ya chakula nyuma kabisa, pua inakuwa nyepesi, na kwa mwendo wa barabara kuu karavani huanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara kwa upana zaidi. Wengi huanza kuogopa wanapopitwa na lori refu, maana wimbi la hewa la lori husukuma karavani kwanza na kisha kuivuta. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unaeleza la kufanya gari likianza kuyumba: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, punguza mwendo pole pole, usikanyage breki kwa nguvu. Anayejua sababu ya kuyumba, na aliyepima uzito kabla ya kutoka nyumbani, ana kitu cha kushika moyoni wakati lori linapita. Asiyejua anabaki na maombi peke yake. Tofauti kati ya hao wawili haiko katika jinsia yao, na maneno ya kutiana moyo hayawezi kuiziba.

Sehemu ya pili ni kurudi nyuma, na hapa ndipo heshima ya watu inapopotelea mbele ya kambi nzima. Tela hugeuka upande ulio kinyume na usukani. Ukitaka mkia wa karavani uende kushoto, unaanza kwa kuzungusha usukani kulia, kidogo, kisha unafuata. Wakufunzi wengi hushauri kushika usukani sehemu ya chini, kwa sababu hapo mkono unakwenda upande uleule unaotaka karavani iende, na ubongo haulazimiki kutafsiri. Mwendo uwe wa kobe, masahihisho yawe madogo, na pembe ikishakuwa kali mno usiibishie. Songa mbele, nyoosha, anza upya. Hakuna fundi yeyote wa tela asiyesonga mbele na kuanza upya. Haya hayasomwi yakaeleweka. Yanahitaji uwanja mtupu, vibao kadhaa vya plastiki, na asubuhi nzima bila mtu wa kukuharakisha. Vyama viwili vikubwa, The Camping and Caravanning Club kilichoanza 1901 na Caravan and Motorhome Club kilichoanza 1907, vina kozi za namna hiyo. Mwanamke anayetoka kozini akijiamini ametoka na kitu halisi. Ameiona karavani ikimtii mara nyingi kiasi kwamba mwili wake umeamini.

Upande wa pili una hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni hii: ndoa ni mgawanyo wa kazi. Yeye anaendesha, mimi napanga njia, natafuta kambi, napika, nasimamia mizigo. Nani kasema kuendesha ni bora kuliko hayo? Naiheshimu hoja hii, na mwanamke aliyejaribu kuvuta karavani akaona haimpendezi hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Lakini wengi wanaoitoa hawakuwahi kujaribu, na chaguo la mtu aliyeonja njia moja tu ni chaguo pungufu. Kuna na jambo la dharura. Mume wa miaka 70 akipatwa na kiharusi wakiwa Scotland, kanuni za leseni za Uingereza zinamtaka asiendeshe kwa angalau mwezi mmoja, hata akipona vizuri. Karavani iko kilomita 600 kutoka nyumbani na mtu pekee mwenye afya na leseni hajawahi kuivuta hata kuzunguka kiwanja. Nilimwona mama mmoja katika hali inayofanana na hiyo, mumewe ameteguka mgongo, yeye anapiga simu huku na kule kutafuta wa kuja kuwavuta. Leseni yake ilimruhusu kuifanya kazi ile. Kilichokosekana ni asubuhi moja uwanjani, ambayo miaka yote ya ndoa ilikuwa na nafasi ya kuitoa. Ujane ni sura nyingine ya jambo hilohilo: wanawake wengi huuza karavani mwaka uleule wanapofiwa, na pamoja nayo wanapoteza marafiki wa kambini, kwa sababu hakuna wa kuivuta.

Kozi za wanawake peke yao, kama zile ambazo zimepata wateja Australia, hukosolewa kutoka pande mbili. Wengine huziona kuwa dharau, kana kwamba mwanamke anahitaji tela la pekee. Wengine huziona kuwa upendeleo. Fizikia haina jinsia, wanasema, na hapo wako sahihi. Hata hivyo mazingira ya kujifunzia yana jinsia. Katika kozi ya mchanganyiko wanandoa hufika pamoja wakiwa na gari moja, na nimeona mara nyingi mume akishika usukani kwanza kwa sababu ameuzoea, muda ukayoyoma, mke akapata zamu fupi mwishoni huku mume akimwelekeza dirishani. Mkufunzi bora hawezi kushindana na sauti ya mtu uliyeishi naye miaka 40. Australia inatupa somo la ziada: kule leseni ya kawaida ya gari inatosha kuvuta karavani, hakuna mtihani wa pekee wa kufutwa wala kurejeshwa, na bado palihitajika kozi za kuwapa wanawake saa za usukani. Ninaziunga mkono kozi hizo kama njia ya kuingilia. Siungi mkono ziwe kona ya kudumu ambako wanawake hufundishana kurudi nyuma taratibu, huku mafunzo ya magari makubwa na safari ndefu yakibaki upande wa pili wa ua.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayorudiwa kuliko zote, ni ya maumbile: kwamba wanawake hawakujaliwa kupima nafasi na umbali. Wanaoitoa huegemea majaribio ya kugeuza maumbo kichwani, ambako kwa wastani wanaume hupata alama za juu kidogo. Wastani huo upo, na hausemi wanachodhani unasema. Uwezo huo hukua kwa mazoezi, kwa wanaume na kwa wanawake. Tena kurudisha karavani nyuma si kukaa na karatasi ukigeuza maumbo akilini. Ni kutazama kioo, kusahihisha, kutazama tena. Wapo wengine wanaotaja mitihani ya kawaida ya udereva ya Uingereza, ambako wanaume wamekuwa wakifaulu kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wanawake. Ni kweli, na kama mtihani ule ndio kipimo cha usalama, basi waeleze kwa nini katika barabara hizohizo takriban watatu kati ya kila wanne wanaokufa ni wanaume. Kuvuta karavani kunadai hasa subira: kilomita 96 kwa saa ndiyo ukomo kwenye barabara kuu za Uingereza, 80 kwenye barabara za njia moja kila upande, na njia ya kulia kabisa ya barabara kuu yenye njia tatu au zaidi imekatazwa. Na suala la nguvu za mwili limepungua sana tangu ianze kutumika mitambo midogo ya umeme inayofungwa kwenye magurudumu ya karavani, ambayo huisogeza hadi kwenye kiungio kwa kubonyeza rimoti. Kazi iliyohitaji mabega mawili mapana sasa inahitaji kidole gumba na jicho makini.

Wapo wanaotaka mtihani wa B+E urudishwe kama ulivyokuwa. Sikubaliani nao, ingawa wasiwasi wao kuhusu usalama una msingi. Mtihani ule uliwabana waliopata leseni baada ya 1997 na kuwaacha waliotangulia, wakiwamo wanaume wazee ambao hawakuwahi kupima uzito wa pua maishani mwao, wakivuta watakavyo. Uliwagharimu zaidi wenye kipato kidogo, na katika nyumba yenye uwezo wa kulipia mtu mmoja, aliyelipiwa alikuwa baba. Lakini kati ya mtihani mkali na kutokuwa na chochote kuna njia ambayo Ulaya imeijaribu tangu Januari 2013. Sheria ya leseni ya Umoja wa Ulaya inaruhusu msimbo wa B96 kwa gari na tela ambavyo jumla yake iko kati ya kilo 3,500 na 4,250, na Ujerumani imechagua kuutoa kwa mafunzo ya angalau saa 7, bila mtihani mwishoni. Mtu anafundishwa nadharia ya uzito, anafunga na kufungua tela mwenyewe, anarudi nyuma, anaendesha barabarani, anapata muhuri. Hakuna wa kumfelisha, na hakuna njia ya kuukwepa usukani, kwa kuwa kila mshiriki lazima aushike.

Uingereza ingeweza kuiga hilo bila kuwarudisha watahini waliohamishiwa kwenye malori. Saa 7 zinazotolewa na wakufunzi waliopo, ada ipunguzwe kwa mtu wa pili wa kaya moja ili mume na mke wasishindanie nafasi, na kila mmoja apewe gari na mkufunzi wake badala ya kupokezana gari la familia. Kampuni za bima zina sababu ya kushiriki, kwa kuwa ndizo zinazolipia karavani inayopinduka. Punguzo kwa kaya yenye madereva wawili waliofunzwa lingewafikia watu ambao tangazo la serikali haliwafikii. Vyama vya karavani navyo vihesabu wanawake wanaomaliza kozi na wanaoshika usukani mwaka unaofuata, maana cheti kilicho kwenye droo hakivuti kitu. Na mwaliko usitumwe kwa wapya tu. Uanze kwa wanawake waliopata leseni kabla ya 1997, ambao haki wamekuwa nayo muda wote na hakuna aliyewahi kuwaita uwanjani.